Kamera za kiota cha tai: shida iko kwenye simu, kwenye kamera au kwa ndege mwenyewe?

Ukianza kufuatilia tai laivu kwenye intaneti, wiki ya kwanza tu utakutana na vitu vya kukutia wasiwasi. Skrini nyeusi, kiota kitupu, yai limeachwa peke yake kwenye baridi, kinda mkubwa anamdonoa mdogo wake mpaka unatamani kuzima simu, na ukiingia kwenye chati kila mtu anaandika Kiingereza cha haraka haraka na hamna anayekujibu. Ndo maana nimekaa niandike dalili hizi kwa Kiswahili, moja moja, na nini hasa kinasababisha, maana hawa ndege nawapenda na inaniuma mtu akiacha kuwaangalia kwa sababu tu hakuelewa anachokiona.

Mifano mingi naitoa Big Bear, California, kwa Jackie na Shadow, ndo kiota ninachokifuatilia zaidi na ndo kinachojulikana sana sasaivi, ila nitagusa pia Florida, Minnesota, Afrika Kusini na Estonia. Jackie na Shadow ni wale tai wa Marekani wenye kichwa cheupe, ndugu wa karibu wa furukombe wetu wa Naivasha na Ziwa Victoria, na chakula chao kikubwa ni kilekile, samaki.

Kabla hujaanza kulia jiulize swali moja, hii shida iko wapi, kwenye simu yangu, kwenye kamera au kwa ndege? Nenda kwa mpangilio huohuo. Mara nyingi sana utakuta jibu limepatikana kabla hujafika kwa ndege.

Skrini nyeusi, au picha haina rangi na macho ya tai yanang'aa

Angalia saa ya kule, achana na ya kwako. Kuanzia Novemba mwanzoni mpaka Machi, California iko nyuma ya Afrika Mashariki masaa 11, alafu Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu wanasogeza saa zao mbele inabaki tofauti ya masaa 10. Kwaiyo we ukiwa kazini saa nne asubuhi Januari, Big Bear ni saa tano usiku wa jana yake, unategemea uone nini? Kunakucha kule wakati huku ni saa kumi na mbili jioni hivi, na giza lao linaingia kwetu ikiwa saa kumi usiku. Florida iko nyuma masaa 8 kipindi cha baridi na 7 kipindi cha joto, yaani asubuhi yao ni saa tisa alasiri yetu. Afrika Kusini saa moja tu nyuma. Estonia wakati wa kiangazi saa zao na zetu ni zilezile, raha kabisa. Sydney ni kinyume, wako mbele masaa 7 wakati wa baridi yao, kwaiyo wale tai wa bahari wa Sydney Olympic Park waangalie asubuhi ukinywa chai. Walioko Goma, Kigali na Bujumbura punguzeni saa moja kwenye hesabu hizi za Marekani, walioko Muscat na Dubai ongezeni moja.

Picha ikiwa nyeusi na nyeupe usiku hamna kilichoharibika. Kamera imewasha mwanga wa infraredi ambao tai hawauoni kabisa, wao wako gizani wamelala zao, we ndo unaona. Macho kung'aa ni mwanga ule unarudi kwenye kamera.

Kitu kingine kinachowachanganya watu wengi ni tarehe kwenye kona ya picha. Wamarekani wanaanza na mwezi, kwaiyo 03/04 ni tarehe 4 Machi, sio 3 Aprili. Nimeona watu wanabishana kwamba video ni ya zamani kumbe ni ya leo.

Inazunguka tu, inaganda, bando linakata

Hii ni simu yako au mtandao wako. Bonyeza ile gia kwenye video, nenda kwenye ubora, shusha. Kwa makadirio 720p inaweza kula zaidi ya GB 1 kwa saa, 360p kama MB 300, na 144p inazunguka kwenye MB 100 hivi. Ndege anayelalia mayai hasogei, hauhitaji kumuona kwa ubora wa sinema, weka chini uache iende, alafu mzazi akileta samaki ndo upandishe uangalie makinda wakilishwa. Ukiiacha kwenye otomatiki yenyewe inapanda kila mtandao ukiwa vizuri, na hapo ndo bando linakoyeyukia.

Kama chati wanashangilia na we huoni kitu, angalia ile nukta pembeni ya neno la laivu. Ikiwa nyekundu uko sawa, umechelewa sekunde kadhaa tu kama kila mtu. Ikiwa ya kijivu ujue umebaki nyuma, pengine mtandao ulikata ukaendelea ulipoishia, bonyeza hapo utarushwa mpaka sasa.

Na hilo la kubaki nyuma ni faida kwetu sisi tunaolala wakati kule ni mchana. Chaneli nyingi za tai zinaruhusu kurudisha nyuma mpaka masaa 12 kwenye YouTube. Ukiamka saa kumi na mbili asubuhi, kule ni saa moja usiku, siku yao nzima iko hapo nyuma ya kidole chako. Vuta ule mstari taratibu, ukiona rangi ya kiotani imebadilika, labda kuna samaki mpya au ndege wamebadilishana, simama hapo uangalie.

"Video haipatikani"

Kamera ikizimika ikawashwa tena, mara nyingi laivu inaanza upya na linki mpya, ile uliyohifadhi mwezi uliopita imekufa. Usihifadhi linki ya video, fuata chaneli yenyewe. Kwa Big Bear wenye kamera ni Friends of Big Bear Valley, shirika dogo la watu wa hukohuko mlimani, kamera yao ya kwanza pale iliwekwa 2015 na ile ya pili inayoonyesha mti na ziwa kwa upana ikaja 2021.

Na hapa niseme kwa uzito, chaneli feki ni nyingi. Wanachukua vipande vya zamani wanavizungusha wanaandika laivu, siku hizi wanatengeneza na picha za akili mnemba kabisa, tai anamfunika kinda kwa bawa kwenye theluji na machozi yanamtoka, watu wanashea na kuomba dua. Tai halii machozi ya huzuni. Ukitaka kuhakikisha piga hesabu ya saa, kama huku ni saa tano asubuhi na "laivu" ya California inaonyesha jua kali, huo ni uongo. Angalia pia kama saa kwenye kona ipo na inatembea. Na mtu yeyote anayeomba hela kwenye chati kwa namba ya simu au sarafu za mtandaoni mkimbie.

Picha ina ukungu, matone, buibui, imegeuka pembeni, au imezimika kabisa

Hii sasa ni kamera. Ile ya Big Bear iko kwenye msonobari, kiota kiko kama mita 44 kutoka chini, na umeme wake ni wa sola. Mvua na theluji zikishika siku kadhaa jua halitoshi, betri zinashuka, picha inakata, na hamna wa kwenda kurekebisha haraka kwa sababu huwezi kumpandisha fundi kwenye mti wakati tai analalia mayai. Akishtuka akaruka mayai yanapoa. Kwaiyo vioo vinasafishwa na nyaya zinabadilishwa kabla ya msimu, baada ya hapo tunavumilia. Buibui akijenga mbele ya lenzi mwezi wa pili unaweza kukaa naye muda.

Kamera ikigeuka yenyewe au ikasogea karibu, kuna mtu anaiendesha kwa mbali, mara nyingi ni mtu wa kujitolea. Ukiona wamesogeza mbali ghafla au wamegeuzia mtini, wakati mwingine wanamfuata mzazi aliyetua tawini, na wakati mwingine kuna jambo baya kiotani hawataki kulionyesha kwa karibu.

Sauti kukatakata ni upepo kwenye maikrofoni. Na kama unasikia vilio vyembamba vya juu juu ukadhani ni ndege mwingine mdogo, hapana, ndo sauti yake yule. Sisi tumezoea mlio wa furukombe unaoenea ziwa zima, huyu wa Marekani sauti yake ni nyembamba.

Kiota kitupu, siku ya tatu sasa simuoni mtu

Angalia kalenda kabla ya kutangaza msiba. Florida wanataga Novemba na Desemba. Big Bear Januari. Iowa na Minnesota kwenye Februari na Machi. Tai wakubwa wa mkia mweupe wa Estonia na Latvia wanataga Machi. Wale tai weusi wa bustani ya Walter Sisulu karibu na Johannesburg, wanaokula pimbi, wanataga kama mwezi wa tano, na Sydney ni wa sita. Nje ya msimu kiota ni rundo la vijiti tu, tai mkubwa hahitaji kiota cha kulala, analala kwenye tawi.

Kuna na tai wadogo wenye madoa wa Estonia na Latvia. Hao kiota chao kinakuwa kitupu kuanzia Septemba kwa sababu wamekuja huku. Wanashuka kupitia Uturuki, Israeli na Misri, wanafuata Bonde la Ufa, wanapita Kenya na Tanzania kwenda kusini, alafu wanarudi kutaga mwezi wa tano. Kwaiyo ukiangalia kamera ya Estonia Novemba ukaona majani makavu tu, toka nje uangalie juu, huenda anapita kwako.

Mzazi ameruka ameacha mayai wazi

Hesabu dakika, na hesabu mayai. Tai wa kichwa cheupe wanataga yai moja, wanapumzika siku tatu hivi, wanataga la pili, wakati mwingine na la tatu. Kabla hawajamaliza kutaga hawalalii kwa kukaza, wanakaa na kutoka, na hiyo inasaidia yai la kwanza lisitangulie sana ili makinda wasipishane umri kupita kiasi. Yai ambalo halijaanza kukua linavumilia baridi kuliko yai lenye kinda ndani.

Baada ya hapo dume na jike wanapokezana. Mmoja akiondoka kabla mwenzake hajatua kunakuwa na dakika kadhaa za mayai kukaa wazi, hilo ni la kila siku. Kilicho cha wasiwasi ni wote wawili kutoweka muda mrefu kwenye baridi, au kunguru kuanza kuzunguka. Kunguru wa kule ni wakubwa na wana akili, 2023 waliyatoboa mayai ya Big Bear baada ya Jackie na Shadow kuwa wameanza kuyaacha.

Na kuna kinyume chake, unaona mama hajanyanyuka tangu juzi unadhani amekufa. Februari 2024 kwenye tufani la theluji Jackie alikaa juu ya mayai karibu masaa 62 bila kutoka, theluji imemfunika mgongoni, kichwa tu ndo kinaonekana. Manyoya yake yanazuia joto la mwili lisitoke, ndo maana theluji haiyeyuki juu yake. Theluji kutoyeyuka mgongoni ni dalili nzuri jamani, sio mbaya.

Kumtofautisha mama na baba ni rahisi wakiwa pamoja, kwa tai jike ndo mkubwa. Jackie anamzidi Shadow kwa mwili wazi wazi.

Siku 35 zimepita, yai halijapasuka

Vitabu vinasema siku 35 kwa tai wa kichwa cheupe. Big Bear iko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kuna baridi, na mayai yao huchelewa. Angalia 2025, mayai yalitagwa tarehe 22, 25 na 28 Januari, makinda wakatoka 3, 4 na 8 Machi. Ukihesabu ni siku 40, 38 na 39. Kwaiyo siku ya 36 usianze kuomboleza.

Kutoboa kwenyewe kunachukua muda, kinda anaweza kuhangaika siku nzima au zaidi kutoka kwenye tundu la kwanza mpaka kutoka. Dalili ni mama kukaa juu juu, anainamisha kichwa anasikiliza, anajisogeza kila mara. Ukimuona hivyo usilale.

Lakini kuna mwaka ambao hayapasuki kweli. 2024 Jackie alitaga matatu, 25, 28 na 31 Januari, dunia nzima ilisubiri, na hakutoka hata mmoja. Sababu zinaweza kuwa nyingi, yai halikurutubishwa, kinda alikufa ndani mapema, baridi, hewa kavu ya mlimani, na kwa kuangalia kamera huwezi kujua ni ipi. Ukiwaona wanaendelea kulalia wiki kadhaa zaidi ya muda usiseme ni wajinga. Ni mwili unawaambia waendelee, na taratibu unapoa, wanaanza kuyaacha nusu saa, saa moja, mwisho wanaacha kabisa. Kuwaangalia kipindi hicho kunauma, mi naona ndo kipindi kigumu kuliko vyote kwenye kamera hizi, kigumu kuliko hata kifo, kwa sababu hakina saa ambayo unaweza kusema sasa imeisha.

Yai kupasuka chini ya mzazi ni habari nyingine. Zamani dawa ya kuulia wadudu ya DDT ilifanya maganda yawe mepesi mpaka tai wa Marekani, ukiondoa Alaska, wakabaki jozi 417 mwaka 1963. DDT ilipigwa marufuku kule 1972, na 2007 tai huyu akatolewa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Siku hizi yai moja likipasuka huwa ni bahati mbaya tu, kucha au kugongana.

Kinda mkubwa anamdonoa mdogo wake

Hapa ndo watu wengi wanashindwa, na ndo pa kujua ni tai gani unamuangalia.

Kwa tai wa kichwa cheupe kudonoana wiki mbili za mwanzo ni kawaida. Macho bado hayaoni vizuri, wanapiga chochote kinachosogea, na aliyetangulia anajifunza kwamba yeye ndo mkubwa. Angalia mdogo anafanya nini. Akiinamisha kichwa akatulia, alafu mkubwa akishiba na yeye akalishwa, hali ni nzuri. Angalia ule mfuko chini ya koo, ukivimba baada ya chakula ameshiba. Kinda anayepigwa lakini mfuko umejaa jioni atapona, kinda ambaye hapigwi lakini mfuko umesinyaa siku mbili mfululizo ndo wa kumuhofia. Sababu kubwa za ugomvi kuzidi ni chakula kupungua, kwa mfano tufani imewazuia wazazi kuvua, na kupishana umri. Samaki wakirudi utashangaa amani inavyorudi, na wakimaliza mwezi hivi wanalala wameegemeana.

Kwa tai mweusi wa Afrika, huyu wa Walter Sisulu ambaye yupo na kwenye miamba ya Hell's Gate Kenya, mambo ni tofauti kabisa na lazima ujiandae moyo. Anataga mawili, wanapishana siku kama tatu, na wa kwanza karibu siku zote anamuua wa pili. Haijalishi chakula. Mtafiti Valerie Gargett kule milima ya Matobo, Zimbabwe, alihesabu kinda mmoja akimdonoa mwenzake mara 1,569 ndani ya siku tatu, na nyama ilikuwepo kiotani. Mama anaangalia, haingilii. Yule tai mdogo wa madoa wa Estonia naye yuko hivyohivyo. Yai la pili ni akiba, kama la kwanza likiharibika basi la pili lipo, likipona la kwanza, la pili kazi yake imeisha. Ni Kabili na Habili ila bila chuki, hamna wa kumlaumu pale.

Kama hujisikii kuangalia, usiangalie wiki hiyo. Rudi baada ya siku kumi, utamkuta mmoja, anakua vizuri.

Dalili ndogo ndogo ambazo sio ugonjwa

Kinda amelala kifudifudi, mabawa yametanuka, miguu nyuma, kama nguo iliyoanikwa. Ameshiba, ndo wanavyolala.

Anafungua mdomo anahema haraka. Joto, ndege hatoi jasho. Mzazi atatanua bawa kumkinga jua.

Anatikisa kichwa, anatapika kidonge cha manyoya na mifupa. Ni mabaki ambayo tumbo haliyayeyushi, akimaliza atakuwa sawa.

Jicho linafunikwa na utando mweupe alafu linafunguka. Ni kope ya tatu, inasafisha na kulinda jicho, hasa akiwa analisha, asije akadonolewa.

Mzazi mabawa yamelegea nje. Anaota jua au anakausha mvua. Bawa moja tu lililolegea siku nzima, hilo ndo la kuandika pembeni.

Walikuwa watatu, nahesabu wawili

Usiku kwenye infraredi usihesabu, subiri mlo wa asubuhi. Kinda anaweza kuwa chini ya mama, nyuma ya vijiti vya pembeni, au amezama kwenye majani makavu ya katikati. Mlo ndo unawatoa wote. Milo miwili imepita na bado wawili, hapo tena inawezekana kweli.

Ndivyo ilivyokuwa Machi 2025. Theluji ilianguka usiku wa tarehe 13 kuamkia 14, Jackie na Shadow wote wawili walikuwa kiotani wanawafunika, na asubuhi wakainuka makinda wawili tu. Wazazi hawakukosea kitu. Kinda wa umri ule hajaota manyoya ya kutunza joto, akilowana au akisogea pembeni kidogo tu inatosha. Aliyekufa akapewa jina Misty, wenzake Sunny na Gizmo wakakua.

Mzazi asiporudi ni ngumu zaidi kujua. Florida, North Fort Myers, Septemba 2022 kimbunga Ian kilikibomoa kiota chote cha jike Harriet na dume M15, wakakijenga upya, wakataga, wakaangua wawili, alafu tarehe 2 Februari 2023 Harriet akaruka hakurudi tena. Watu walisema M15 hawezi. Aliwinda, akalisha, akalinda peke yake, na makinda E21 na E22 wakaruka wote wawili. Kwaiyo ukibaki na mzazi mmoja usikimbilie kusema makinda wamekwisha, umri wao na wingi wa chakula ndo vinaamua.

Kiota chenyewe kutokuonekana kumetokea pia. Minnesota, tarehe 2 Aprili 2023, tawi lilishindwa na theluji nzito, kiota cha karibu tani moja kikaanguka na kinda ndani, na kinda hakupona.

Kuna tai wa kahawia kiotani, amemvamia nani?

Kama ni Mei au Juni na Big Bear, huyo ndo mtoto mwenyewe. Tai huyu haoti kichwa cheupe mpaka afike miaka minne au mitano, na akiwa karibu kuruka anaonekana mkubwa kuliko hata baba yake kwa sababu manyoya yake ya kwanza ya mabawa na mkia ni marefu zaidi. Kama ni Januari na kuna mayai, basi anaweza kuwa kijana mgeni anayepita, sikiliza wazazi, wakilia kwa fujo na kutanua mabawa juu ya mayai huyo sio wao.

Kuruka ni kwenye wiki ya 10 mpaka 13 hivi. Sunny aliruka 2 Juni 2025 na Gizmo 7 Juni. Baada ya kuruka kiota kikiwa kitupu mchana usihofu, hamia kwenye kamera ya upana uangalie matawi, wanarudi kula kwa wiki kadhaa kwa sababu bado hawajui kuvua.

Lini ni hatari ya kweli, na ufanye nini

Uzi wa kuvulia umezunguka mguu au ndoana mdomoni. Macho yamefungwa kwa usaha. Tai mkubwa anayeyumba, kichwa kinaning'inia, mara nyingi ni sumu ya madini ya risasi kutoka kwenye mizoga iliyoachwa na wawindaji. Hizo sio tabia za ndege, ni madhara.

Hata hivyo wenye kamera hawawezi kupanda tu. Tai kule analindwa na sheria maalumu ya 1940, kumgusa au kusogelea kiota bila kibali cha serikali ni kosa, na makinda wakubwa wakishtuliwa wanaweza kuruka kabla ya wakati wakaanguka. Ila ikibidi inafanyika. 2021 kule Florida makinda E17 na E18 macho yao yaliziba kwa maambukizi, kibali kikapatikana, wakashushwa wakapelekwa kliniki ya wanyamapori ya CROW pale Sanibel, wakatibiwa na kurudishwa kiotani, na wazazi wakawapokea. Minnesota 2014 walimtoa kinda aliyeumia bawa, huyo hakuweza kuokolewa.

Kwaiyo ukiona kitu, piga skrinshoti yenye tarehe na saa ya kwenye kona ionekane, andika umerudisha nyuma mpaka dakika ngapi ulipokiona mara ya kwanza, na utume kwa anwani ya wenye kamera iliyo kwenye maelezo ya chaneli. Usiishie kuandika kwenye chati, usiku wa kule waangalizi ni wachache na ujumbe unapita. Sisi tuko macho wakati wao wamelala, yaani saa nne asubuhi yetu unaweza kuwa miongoni mwa watu wachache duniani wanaokiangalia kiota kile, kwaiyo andika hata kwa Kiingereza cha kuungaunga: saa, kinda yupi, mguu upi.